Tai na Kengele

Loishiye amezeeka mabega kabla ya uso. Nilimkuta mwezi uliopita kule Olasiti, kwenye sherehe ya kumuaga binti yake wa pili, amesimama karibu na masufuria ya pilau, koti la suti juu ya shuka, mkono wa kulia ukining'inia kama mkono wa mtu aliyetoka kubeba ndoo. Hatukuwa tumeonana kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilidhani hatanitambua, maana wakati ule nilikuwa mwembamba kama ufito na siku hizi viti vya plastiki vinanilalamikia. Akaniangalia, akaacha kutafuna, akasema, "Dada wa bastola." Watu wawili waliokuwa mbele yangu kwenye foleni ya chakula wakageuka. Ikabidi nianze kuwaeleza, na nilipoanza nikagundua kwamba mwaka ule sijawahi kumsimulia mtu yeyote tangu mwanzo hadi mwisho. Loishiye hakutaka maelezo. Aliuliza jambo moja tu, "Bado unayo?" Nikamwambia ninayo. "Basi ilete kesho," akasema. "Kesho wageni watakuwa wameondoka."

Nilikozaliwa na walionizaa sitawaweka hapa, maana hawakuwa na sehemu katika mambo haya. Nilikuwa na miaka ishirini. Shule niliiacha kidato cha pili, si kwa sababu ya shida, bali nilichoka kuulizwa maswali ambayo anayeuliza alishajua jibu lake. Tangu hapo nilikuwa nimepita katika kazi tisa au kumi. Nilichambua kahawa, nilifunga maua shambani upande wa Tengeru, nilipiga pasi katika nyumba ya wageni pale Maji ya Chai. Kila mahali nilifika kwa hamu ya kujua kitu fulani kinafanyaje kazi, nikakijua, kisha siku moja kitu kingeharibika mikononi mwangu. Shambani niliacha bomba wazi na kitalu kizima kikalala majini. Maji ya Chai niliunguza shati la mgeni aliyekuwa anakwenda kuposa. Sikufukuzwa hata mahali pamoja, na nilikuwa najivunia hilo. Sasa najua kwa nini sikufukuzwa: nilikuwa naondoka kabla ya kuitwa. Mwenye shati alipotoka kuoga, mimi nilikuwa nimeshavuka daraja.

Kilichoniingiza Levolosi ni ndevu. Zilikuwa zimetundikwa kwenye dirisha la chumba kirefu nyuma ya duka la nafaka, ndevu nyeupe za kutosha nabii mzima, na nilishindwa kupita bila kujua zimetengenezwa kwa nini. Nikaingia, nikaamkia shikamoo, nikauliza. "Marahaba," akajibu mzee aliyekuwa amekaa kwenye mkeka. "Mbuzi. Wa Monduli. Wa huku chini manyoya yao hayajikunji." Huyo alikuwa Mzee Salehe, mtu wa Pangani aliyepanda treni kuja Arusha akiwa kijana na hakuteremka tena pwani. Alikuwa akitengeneza na kukodisha vifaa vya maigizo. Kulikuwa na mabawa ya malaika ya manyoya ya bata, panga za mbao zilizopakwa rangi ya fedha, majoho ya mamajusi, na taji la Herode lililokatwa kwenye kopo la mafuta ya kupikia, ambalo ukiligeuza ndani bado unaona picha ya alizeti. Kila Desemba Walutheri na Wakatoliki walipanga mstari mlangoni kwake, na yeye alipenda kusema, "Mimi Mwislamu, lakini hakuna Herode aliyetawala mji huu bila idhini yangu." Nilisema nitakaa siku mbili nijifunze kusuka ndevu. Nikakaa miezi.

Ukiniuliza nini kilinishika, nitasema kwanza harufu ya chumba kile, gundi na manyoya na vumbi la mbao, halafu chakula cha mchana. Bi Zuhura, mke wa mzee, aliletewa nazi na ndugu zake wa Tanga, na wali wake ulikuwa ukifika kabla yake, harufu ikipenya mbao za ukuta. Ijumaa alipika loshoro, aliyofundishwa na jirani Mmeru, mahindi na maziwa ya mgando, ila yeye alitia sukari, jambo ambalo jirani alikuwa anaita dhambi hadharani. Tulikula mkekani, sahani moja, na mzee alikuwa akitafuta tonge kwa vidole kwanza. Nilidhani ni namna yake ya kula. Ilinichukua muda kuelewa kwamba haoni vizuri, kwamba macho yake yalikuwa yanaingiwa na ukungu, na kwamba mabawa niliyokuwa nashona alikuwa anayakagua kwa kidole gumba kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya ufundi.

Siku moja baada ya kula nilikuwa upande wa pili wa ukuta nikishona bawa, na wao walidhani nimekwenda dukani. "Mpe Twaha hicho chumba upumzike," Bi Zuhura alikuwa anasema. Twaha alikuwa mpwa wao wa Moshi, kijana mwerevu, aliyekuwa anataka kufungua duka la simu. "Macho hayo hayarudi kwa kuyakasirikia."

"Twaha ataweka rafu za simu. Mabawa atayachoma."

"Na huyu binti je?"

"Huyu binti ana macho. Ana mikono. Makalio ndiyo hana."

"Makalio ya nini tena, mume wangu?"

"Ya kukaa. Leo yupo, kesho ukitafuta unakuta sindano tu."

Bi Zuhura alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Basi mpe kitu cha kukalia."

Nilitamani kukasirika, nikashindwa, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kufikiria Babati. Nilikuwa nimesikia kwamba kule kuna watu wanachimba chumvi, na sikujua chumvi inachimbwaje.

Kitu cha kukalia kilikuja baada ya wiki mbili hivi, na kililetwa na Gasper. Gasper alikuwa akipiga video za harusi na kipaimara, na alikuwa na ndoto ya kutengeneza filamu ya kauboi. Alieleza mpango wake huku amesimama, kofia mkononi. "Mzee, ng'ombe tunao. Kofia tunazo. Vumbi tunalo kuliko hata wenyewe Wamarekani. Tunakosa bastola tu." Mzee akampelekea salamu wakala mmoja wa Dar aliyeingiza vifaa vya maigizo kwa kibali, na wakala akaja na sampuli mbili kwenye sanduku lenye kufuli, pamoja na barua. Zilikuwa ni nakala za bastola za zamani zenye silinda ya kuzunguka, zisizoweza kufyatua chochote, mtutu umezibwa kwa chuma na mdomo umepakwa rangi nyekundu. Zilitoka viwanda viwili tofauti. Moja ilikuwa na kijitai kwenye kishikio, nyingine alama ya kengele chini ya silinda, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kutamka majina ya viwanda, tukaziita hivyo, Tai na Kengele. Wakala angerudi Jumatatu ya wiki ya tatu kuchukua sampuli zake na jibu letu, maana tungeagiza nane za aina moja.

"Sitasema neno," mzee akaniambia wakala alipoondoka. "Utachagua wewe na utamjibu wewe. Tukipata zinazofaa, Gasper atakodi, na nyuma ya Gasper wapo wengine, chumba kitabaki chumba. Tukipata za kutuaibisha, mwezi wa kwanza Twaha anakuja na rafu zake. Mimi nane nyingine sina nguvu ya kuzitafuta."

Hakuna aliyewahi kuniachia jambo namna ile. Tulizipeleka kituoni kwanza, kama barua ilivyotaka, na askari wa zamu aliigeuza Kengele mkononi, akachungulia mtutu uliozibwa, akamwambia mwenzake, "Hii itamuumiza mtu ikimwangukia mguuni." Wakaandika, wakagonga muhuri, wakaturudishia sanduku. Kisha nikaziweka mezani na kuanza kuzisoma. Nasema kuzisoma kwa sababu sijui neno jingine. Bastola za aina ile zina desturi yake: kila pigo lazima kwanza uvute kinyundo cha nyuma kwa kidole gumba, ndipo ubonyeze, la sivyo utabonyeza mpaka jioni. Tai ilikuwa nyepesi, inang'aa kama kijiko kipya, kinyundo chake kinakuja bila kubembelezwa. Ulipokivuta kililia mara mbili. Kengele ilikuwa nzito, rangi ya sufuria iliyokaa jikoni, kishikio cha mbao nyeusi, na kinyundo kigumu hadi gumba linauma. Kililia mara nne, ka, ka, ka, ka, kila mlio juu ya mwenzake kama mtu anayepanda ngazi. Nilikivuta mara nyingi sana kwa ajili ya ngazi ile. Lakini niliposhika Tai mbele ya kioo cha kujaribia majoho, nilijiona mtu wa sinema. Kufikia Ijumaa moyoni nilikuwa nimeshachagua Tai. Nilitaka tu mtu wa kunikubalia.

Jumamosi tulikwenda mazoezini Oldonyo Sambu, upande wa magharibi wa Meru, ambako mlima unageuzia watu mgongo wake mkavu. Tulibebwa na pikapu ya Gasper, sanduku mapajani kwangu. Ng'ombe walikuwa wa baba mdogo wa Loishiye, na Loishiye mwenyewe alikuwa ndiye mwizi wa ng'ombe, kwa sababu alikuwa na urefu, na kwa sababu, kama alivyosema Gasper, kamera ilikuwa inamwogopa. Askari wa kumkamata alikuwa Mwalimu Pendael wa shule ya msingi, mtu mpole mwenye mikono midogo. Nilimpa mwalimu Kengele na Loishiye Tai. Milio ya risasi Gasper angeiweka baadaye kwa kompyuta, kwa hiyo mazoezini ilibidi waigizaji waseme "paa" kwa midomo yao. Mwalimu Pendael alisema paa kwa sauti safi ya darasani. Loishiye alikataa. "Mtu mzima hasemi paa," akasema. Wakakubaliana kwamba yeye atakuwa anahesabu kwa Kimaasai.

Mwalimu alipata shida. Kinyundo cha Kengele kilikuwa kigumu kwake, ikabidi atumie magumba mawili, na askari anayetumia magumba mawili anaonekana kama anafungua kopo. Gasper akaniita pembeni. "Unaona? Chukua zile zinazong'aa. Hii nyingine kwenye kamera haionekani kabisa." Nikatikisa kichwa kukubali. Nilikuwa nimepata mtu wangu wa kunikubalia.

Wakarudia tena, safari hii tangu mwanzo. Loishiye akahesabu mpaka sita. "Risasi zimekwisha," Gasper akapaza sauti nyuma ya kamera. "Umeishiwa, Loishiye. Anakuja. Anakuja huyo."

Sikuuona mkono ukirudi nyuma. Niliuona tu ulipokuwa mbele, umenyooka, mtupu. Wavulana wa kule hukua na rungu mkononi, na mkono una akili yake, haungoji kuulizwa. Tai ilizunguka hewani, ikapita karibu na kofia ya mwalimu, ikapiga nguzo ya zizi kiasi cha shubiri moja kutoka sikioni mwake. Kofia ikaanguka yenyewe, kwa woga nadhani. Ng'ombe mmoja akainua kichwa.

"Umefanya nini?" Gasper akauliza.

"Nimekosa kidogo kwa makusudi," Loishiye akasema. "Mwalimu ni mtu wetu."

"Kauboi harushi bastola."

"Risasi zimekwisha, adui anakuja, mkononi nina chuma. Nikifanyie nini? Nikilaze?"

"Anajificha. Anaweka risasi nyingine. Hivyo ndivyo wanavyofanya."

Loishiye alifikiri. "Ndiyo maana wanakufa wengi," akasema, na baba yake mdogo, aliyekuwa ameegemea fimbo akitazama ng'ombe wake wasiigizwe vibaya, akaunga mkono kwamba kulenga, kijana alikuwa amelenga.

Nilikwenda kwenye nguzo. Tai ilikuwa vipande viwili, imekatika shingoni, pale silinda inapokutana na mtutu. Ndani chuma chake kilikuwa kijivu, cha chembechembe, kama sukari guru iliyoingia unyevu. Nilivishika vile vipande na nikahisi kitu ambacho nilikuwa nakijua vizuri kuliko njaa. Kutoka pale ungeweza kuiona barabara ya Namanga, na mabasi yanayopita kwenda kaskazini yakivuta vumbi pembeni, na miguu yangu ilishajua la kufanya. Kwa mzee ungefika ujumbe. Sanduku angerudisha Gasper. Sindano ingebaki kwenye bawa, kama alivyotabiri mwenyewe. Nimejiuliza mara nyingi nini kilinizuia, na ningependa kuandika kwamba ni ujasiri, lakini lilikuwa ni swali. Tai nimeshajua inavunjika. Kengele je? Nisingeweza kupanda basi bila kujua. Ningefika Namanga nikigeuka geuka kwenye kiti.

Nikamwendea Mwalimu Pendael, aliyekuwa anakung'uta kofia, nikamwomba ile aliyonayo. Nikampelekea Loishiye. "Irushe na hii," nikasema. "Nguzo ile ile. Usikose kwa makusudi."

Gasper alishika kichwa. "Hizo ni za watu, wewe."

Loishiye aliipima uzito kwenye kiganja, akaonekana kuipenda. "Una uhakika, dada?"

"Sina," nikamwambia. "Ndiyo maana."

Mwalimu akasogea mbali, mbali sana. Loishiye akarusha. Nguzo ilitoa mlio mzito, magome yakaruka, Kengele ikaanguka kwenye samadi. Niliifuta kwa kanga yangu. Upande mmoja wa kishikio, ule wa kushoto, mbao ilikuwa imepasuka kutoka juu hadi chini na kipande kimoja sikukiona tena mpaka leo. Nikavuta kinyundo. Ka, ka, ka, ka. Nikabonyeza, nikavuta tena. Milio minne. Watu wote walikuwa wakisikiliza, hata Gasper, na yeye ndiye aliyesema polepole, "Hebu rudia. Mlio huo nitauhitaji."

Kurudi mjini nilipitia kwa fundi wa kuchomelea jirani na soko la Kilombero, nikamwonyesha Tai. Aliigusa kwa moto kidogo tu, ikaanza kulegea na kuteremka. "Hiki unakiita chuma?" akaniuliza. "Huu ni mshumaa. Ukivunjika, umevunjika." Kengele aliitazama bila kuigusa. "Hiyo haina kazi yangu. Mtafute seremala."

Mzee Salehe alikuwa mkekani, amemaliza sala ya alasiri. Nilimwamkia, nikaweka vyote mbele yake, vipande vya Tai na Kengele yenye kishikio cha upande mmoja. Alivipapasa taratibu, na nikaona vidole vyake vikifika pale palipokatika na kusimama.

"Nani kafanya hivi?"

"Ya kwanza Loishiye aliirusha, hakujua. Ya pili nilimwambia mimi airushe."

"Ya pili ulimwambia wewe."

"Ndiyo, mzee."

"Mali ya watu."

"Ndiyo."

Uso wake uligeuka kitu ambacho sikuwahi kukiona. "Toka mbele yangu," akasema.

Mlango ulikuwa wazi, na mbele ya mlango kulikuwa na Levolosi yote, na baada ya Levolosi stendi. Nikatoka mbele yake. Nikapita pembeni yake, nikaenda nyuma yake, kwenye meza ya kazi, nikakaa kwenye kigoda. Nikatafuta la kufanya. Chini ya meza kulikuwa na mabaki ya mninga kutoka kwenye fimbo ya Musa. Nilifungua skrubu ya kishikio kilichobaki ili nikitumie kama kipimo, na huko ndani, mahali ambapo nisingepaona kama kishikio kisingepasuka, nikakuta springi bapa iliyokuwa ikikaza kinyundo, na kijiskrubu kinachoisukuma. Nikakilegeza nusu mzunguko. Nikavuta. Milio ilikuwa ile ile minne, lakini gumba halikuuma. Nikafikiria mikono midogo ya Mwalimu Pendael na nikatamani kumwambia mtu, na mtu pekee aliyekuwepo alikuwa amenipa mgongo. Nikaanza kukata mninga. Nilikata, nikapima, nikaanza kupiga tupa, na vumbi jekundu likajaa mapajani. Bi Zuhura aliingia na chai, akamtazama mumewe, akanitazama mimi, akaweka vikombe viwili mahali pawili, akatoka.

Sijui ulipita muda gani. Jua lilikuwa limeshahama kutoka kwenye ndevu za dirishani kwenda kwenye taji la Herode. Ndipo mzee akasema, bila kugeuka, "Tupa hiyo ni butu. Nasikia inateleza. Chukua ile yenye mpini wa kitambaa."

Nikaichukua.

Jumatatu wakala alifika na suruali yake yenye mstari. Mzee alikaa mkekani kimya kama alivyoahidi, na mimi nikasema yangu kwa mfululizo, nikiogopa kwamba nikimeza mate nitashindwa kuendelea. Nikasema Tai imevunjika mikononi mwetu. Nikasema tunataka nane za Kengele, si kwa sababu Kengele haivunjiki, maana nayo imevunjika, bali kwa sababu imevunjika mahali ambapo mikono yetu inafika. Tai ikivunjika tutamtafuta aliyeitengeneza, na hatujui hata kutamka jina lake. Wakala aligeuza Kengele. Upande mmoja mbao nyeusi ya kwao, upande mwingine mninga mwekundu. Akavuta kinyundo, akainua nyusi. "Hii sampuli yangu ilikuwa ngumu," akasema. "Nani kailainisha?" Mzee Salehe akanielekezea kidevu. Tai tulilazimika kuilipa, na Kengele ile wakala akatuachia. Mzee hakuniambia ni kiasi gani, na mimi ninayeuliza kila kitu, hilo sijawahi kuliuliza.

Zile nane zilikuja kabla ya Krismasi, siku moja na Walutheri waliofuata mabawa, na malaika wadogo walilazimika kusubiri nikimaliza kulegeza springi. Filamu ya Gasper ilionyeshwa kwenye ukumbi mmoja mjini kwa Jumapili tatu. Haikuwa filamu nzuri, kusema kweli. Kuna mahali ng'ombe anatazama kamera kwa muda mrefu kuliko waigizaji wote. Lakini Gasper aliukubali ule mrusho, akaupiga upya, mwizi ameishiwa risasi na mkono unaondoka peke yake, na bastola ilipogonga nguzo vijana waliotoka Oldonyo Sambu walisimama wote kwa pamoja, kama watu waliosikia jina la ukoo wao likitajwa. Wa mjini walicheka. Wao hawakucheka.

Twaha alikuja mwezi wa kwanza, kweli, ila alipewa kona ya mbele penye dirisha, na rafu zake za simu zikakaa chini ya ndevu, ambazo zilimletea wateja kuliko bango lake. Tumezeeka pamoja pale, tunagombana kuhusu umeme. Ufunguo wa chumba mzee alinipa bila hotuba, Ijumaa moja, ameuweka pembeni ya bakuli la loshoro kana kwamba ni kijiko. Jicho moja lilifanyiwa upasuaji baadaye na likafunguka vya kutosha kuona kwamba ndevu zangu, alizozisifu miezi yote ile kwa kidole, zilikuwa za manjano. Tulimzika miaka mingi iliyopita, na Walutheri walijaa msibani kuliko alivyotarajia mtu yeyote. Mimi sikubadilika sana. Nilikwenda Babati, nikaiona chumvi. Nimekwenda Kigoma, nimekwenda Songea kwa sababu isiyoelezeka. Tofauti ni kwamba zamani nilikuwa naondoka tu, na sasa naondoka nikitokea mahali, na pakivunjika kitu huwa nakaa kwanza.

Kesho yake nilirudi Olasiti na sanduku na barua yake, ambayo muhuri wake umefifia lakini bado tunaihuisha. Vijana walikuwa wanarundika viti na turubai lilikuwa limeshushwa nusu. Loishiye alikaa kwenye benchi, akaichukua Kengele kwa mkono wa kushoto, akaihamishia wa kulia taratibu, akavuta kinyundo huku ameinamisha sikio.

"Nne," akasema.

"Nne."

Akapitisha gumba kwenye kishikio. "Mbao hii si ile."

"Ni ya tatu. Waigizaji wa siku hizi nao wanarusha. Wameona kwako."

Hilo lilimfurahisha, akajaribu kulificha. Aliiangalia nguzo iliyobaki ya turubai, iliyosimama peke yake katikati ya uwanja, akaipima kwa jicho. Kutoka jikoni mke wake akasema, bila kupandisha sauti, "Baba Naserian, bega hilo." Yeye alikuwa ameshasimama na kutupa ncha ya shuka begani.

"Una uhakika, dada?" akaniuliza.

Niliingiza mkono kwenye mkoba, nikapapasa mpaka nikakigusa kipande nilichokikata asubuhi ile kabla ya kutoka nyumbani.

"Rusha," nikamwambia. "Mninga nimekuja nao."